Kupima antena kwa kichanganuzi cha mkononi: anza na kebo

Kuna asubuhi moja nilipanda mlingoti mara nne. Grafu ya SWR (uwiano unaoonyesha ni kiasi gani cha ishara kinarudi kutoka kwenye antena; 1 ndiyo bora kabisa) ilikuwa imetulia kwenye 1.5 katika masafa yote ya mita 2 (karibu 145 MHz), imelala kama maji ya mtungi, lakini redio haisikii wala haisikiki. Nikarefusha vijiti vya antena, nikavifupisha, grafu wala haikujali. Mara ya nne nikachomoa kebo kwenye antena kabisa, nikaiacha inaning'inia, nikashuka na kupima tena. 1.5. Ileile. Saa tatu nzima nilikuwa napima kebo nikidhani napima antena.

Kebo yenyewe ilikuwa RG-58, kama mita 35. Kwenye 145 MHz kebo nyembamba ya namna hiyo hula takriban desibeli 2 (kipimo cha uwiano wa nguvu) kila mita 10. Ishara ya kichanganuzi ikipanda inapoteza desibeli 7, inagonga mwisho ulio wazi na kugeuka yote, kisha inapoteza 7 nyingine ikishuka. Kinachofika chini ni kidogo, na kifaa kinatafsiri uchache huo kuwa antena imemeza karibu kila kitu. Ukisukuma wati 10 kwenye kebo hiyo, antena inapata wati 2. Nyingine 8 zinapasha joto plastiki.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza chini, kwenye kebo. Antena itangoja zamu yake.

Kifaa kinaona nini hasa

Kichanganuzi, kiwe NanoVNA ndogo ya mfukoni au kile kikubwa chenye mkoba wake, kinafanya kazi moja: kinatuma ishara hafifu sana kwenye kebo, kinasikiliza kinachorudi, na kulinganisha ukubwa na wakati wa kurudi kwake. SWR, RL, R na X (sehemu mbili za impedansi, yaani ukinzani na riaktansi), Chati ya Smith (mchoro wa duara wa impedansi), vyote ni hesabu zinazotokana na jambo hilo moja. Kifaa hakijui kama ishara imerushwa hewani au imefia njiani. Kinajua tu kwamba haikurudi.

Namba za kukaa nazo kichwani ni chache. SWR ya 1 maana yake hakuna kilichorudi. SWR ya 1.5 ni RL ya desibeli 14, na asilimia 4 ya nguvu imerudi. SWR ya 2 ni RL ya 9.5, asilimia 11. SWR ya 3 ni RL ya 6, robo nzima imerudi. RL ni upotevu wa marejeo: kadiri ilivyo kubwa ndivyo kilichorudi kilivyo kidogo. Baadhi ya vifaa huiandika LOGMAG na kuiwekea alama ya kutoa. Usibabaike, ni kitu kilekile.

Hapo hapo niseme: kukimbizana na SWR ya 1.1 ni kujichosha. Kati ya 1.5 na 1.1 unaokoa takriban asilimia 4 ya nguvu, na hakuna sikio la upande wa pili litakalotambua. Nguvu hizo zitumie kutafuta kebo bora.

Kabla hujachomeka chochote

Waya mrefu ulioko hewani hujikusanyia chaji kutokana na upepo mkavu, vumbi na mawingu ya radi yaliyo karibu. Ukiuchomeka moja kwa moja kwenye kichanganuzi, chaji yote inateremkia kwenye saketi ya ndani, ambayo ni laini kama yai. Basi kila mara, kabla ya kuunganisha, gusanisha waya wa kati wa kebo na wavu wa nje kwa kipande cha waya au plagi ya shoti, hesabu hadi tatu, ndipo uchomeke. Radi ikisikika hata kwa mbali, acha kazi.

Kagua pia kama kuna kikuza ishara juu ya mlingoti kinacholishwa umeme kupitia kebo hiyohiyo. Volti hizo zikiingia kwenye kichanganuzi ndiyo mwisho wake. Na redio yako ichomolewe kabisa, isiachwe kwenye swichi ya kuchagua antena, kwa sababu kidole kikibonyeza kitufe cha kutuma kimakosa, umenunua kichanganuzi kingine. Suala la nyaya za umeme karibu na mlingoti halihitaji maelezo: kama mlingoti ukianguka unaweza kuzifikia, usisimamishe hapo.

Hatua ya kwanza: kalibresheni

Washa kifaa, kiache dakika chache kipate joto lake. Weka masafa unayotaka kupima, kwa mfano kuanzia 140 hadi 150 MHz, kisha ndipo ukalibrishe, yaani ukisahihishe kifaa kwa vipande vinavyojulikana. Mpangilio huo ni muhimu. Ukikalibrisha kwanza halafu ukabadili masafa, kifaa kitakadiria chenyewe, na makadirio hayo yana makosa yake.

Utahitaji vitu vitatu vinavyokuja kwenye kisanduku: kipande kilicho wazi, kipande cha shoti, na mzigo wa omu 50 (unaomeza ishara yote). Kama utatumia adapta au kipisi cha kebo kutoka kwenye kifaa, vifungie hivyo vipande vitatu mwisho wa adapta au kipisi hicho, si kwenye kifaa. Mahali unapofunga vipande hivyo ndipo kipimo chako kinapoanzia. Chochote kilicho nyuma yake kifaa kitakisahau.

Konekta ndogo za SMA zina tabia yake. Zungusha nati tu, mwili wa plagi ushikwe kwa vidole vingine usizunguke. Ukizungusha mwili, pini ya kati inasagika ndani, na baada ya miezi michache kifaa kitaanza kutoa namba zinazorukaruka bila sababu unayoiona.

Ukimaliza, hakikisha. Washa Chati ya Smith. Funga kipande kilicho wazi: nukta iende mwisho wa kulia. Shoti: mwisho wa kushoto. Mzigo: katikati kabisa, SWR karibu na 1.00. Kama mojawapo haiko mahali pake, rudia. Kipimo kilichojengwa juu ya kalibresheni mbovu ni kibaya kuliko kukosa kipimo, maana utakiamini.

Hatua ya pili: kebo peke yake

Chomoa kebo juu kwenye antena. Ndiyo, lazima upande, au uishushe antena. Iache ncha ya juu ikiwa wazi, isiguse chuma cha mlingoti. Chini, unganisha kichanganuzi na uwashe RL.

*Upotevu.* Soma RL kwenye masafa unayotumia, kisha gawa kwa 2, kwa sababu ishara imepita kebo mara mbili. Hicho ndicho kebo inachokula kwa safari moja. Mstari wa grafu mara nyingi huwa na mawimbi madogo. Ukitaka namba safi, pima ncha ikiwa wazi, pima tena ikiwa na shoti, chukua wastani. Kwa mita 20 za RG-213 iliyo nzima kwenye 145 MHz natarajia RL ya kama 3.5, yaani upotevu wa 1.7 au 1.8. Nikikuta RL ya 8 najua kebo imezeeka, au maji yameingia na kutambaa ndani ya wavu. Angalia jinsi jambo hili linavyodanganya: kebo iliyokunywa maji huonyesha SWR nzuri *zaidi* kuliko ile nzima. Fundi asiyejua atafurahi.

*Urefu.* Kebo iliyo wazi juu hujifanya shoti chini pale urefu wake unapokuwa robo ya wimbi. Anza na masafa ya chini, kwa mfano 1 hadi 10 MHz, ukalibrishe upya, na utafute masafa ya kwanza ambapo X inapita sifuri huku R ikiwa ndogo kabisa. Kwenye Chati ya Smith nukta inaanzia kulia, inazunguka kama mkono wa saa, na inafika ukingo wa kushoto. Hesabu ni hii: urefu kwa mita ni 75 mara kigezo cha kasi (kasi ya ishara ndani ya kebo ikilinganishwa na kasi ya mwanga), gawa kwa megahezi. Kebo zenye plastiki ngumu ndani, kama RG-58 na RG-213 za kawaida, zina kigezo cha 0.66. Zenye povu huwa juu zaidi, karibu 0.8 na kuendelea, kwa hiyo tazama maelezo ya mtengenezaji.

Tuseme una mita 20 za RG-213. 75 mara 0.66 ni 49.5, gawa kwa 20, unatarajia bonde la kwanza, yaani pale R ilipo ndogo kabisa, kwenye 2.475 MHz. Badala yake unalikuta kwenye 3.3. Gawa 49.5 kwa 3.3, unapata 15. Kebo yako inaishia mita 15, na mita 5 zilizobaki zinaning'inia bure. Tembea kutoka chini na futi ya kupimia, fika mita ya 15, na tazama: kona kali, mahali panya amepita, au kamba ya plastiki iliyokazwa mpaka ikabana. Kuhakikisha, funga shoti kwenye ncha ya juu. Kama bonde la 3.3 halikutikisika, waya umekatika hapo katikati.

Vifaa vingi vina kipimo cha umbali hadi kwenye hitilafu, kinachochora mlima mahali ishara inaporudi. Kinapendeza, ila kinategemea upana wa masafa uliyoweka. Kwa kebo ya kigezo 0.66, upana wa 100 MHz unakupa uwezo wa kutenganisha vitu vilivyoachana kama mita 1. Ukiweka upana wa 10 MHz, konekta mbili zilizoachana mita 3 utaziona kama kitu kimoja. Na kigezo cha kasi ukikikosea, umbali wote unakosewa kwa kiwango hichohicho.

*Mzigo juu.* Mwisho, funga mzigo wa omu 50 kwenye ncha ya juu na upime SWR kwa upana wote. Kebo nzima yenye konekta nzuri itatoa mstari ulio karibu na 1. Ukiona vilima na mabonde yanayojirudia kwa nafasi sawa, kuna mahali njiani pasipo na omu 50: konekta iliyolehemiwa vibaya, kebo ya runinga ya omu 75 iliyoungwa katikati, kebo iliyokanyagwa. Nimekuta kiungo cha kebo mbili za rangi moja, unene mmoja, moja ya 50 na nyingine ya 75. Kwa macho usingejua. Grafu ilisema mara moja.

Hatua ya tatu: sasa antena

Funga antena, ipandishe kwenye kimo itakachokaa. Kuipima ikiwa imelala juu ya viti viwili kisha kuipandisha mita 10 ni kujipa kazi mara mbili, kwani bonde litahama.

Anza na masafa mapana uone bonde la SWR (pale iliposhuka kabisa) liko wapi, kisha bana. Ila kuna mtego. NanoVNA za mwanzo hupima nukta 101 tu kwa mpigo. Ukiweka 1 hadi 30 MHz, nukta zinaachana kwa 290 kHz. Antena fupi ya gari au kitanzi kidogo kinaweza kuwa na bonde la upana wa makumi machache ya kilohezi, likadondoka katikati ya nukta mbili na usilione kabisa. Utasema antena imekufa kumbe iko hai. Pima vipande vipande vya megahezi 1 au 2.

Bonde likiwa chini ya masafa unayotaka, antena ni ndefu. Likiwa juu, ni fupi. Usikisie kiasi cha kukata, piga hesabu: urefu wa sasa mara masafa uliyopima, gawa kwa masafa unayotaka. Dipoli (antena ya waya mbili sawa zinazoungwa na kebo katikati) ya mita 20.40 ina bonde kwenye 6.95 MHz na wewe unataka 7.10. 20.40 mara 6.95 gawa kwa 7.10 ni 19.97. Punguza sentimita 43 kwa jumla, yaani 21 na nusu kila upande. Na usikate. Kunja ncha urudishe waya juu yake, uuzungushie kwa kukaza, upime. Kunja kidogo pungufu ya hesabu kwanza. Waya uliokunjwa unakunjuliwa. Uliokatwa unaungwa, na kiungo cha ncha ya antena hakijawahi kumfurahisha mtu.

Bonde likiwa mahali pake lakini halishuki hadi 1, si lazima kuwe na kosa. Dipoli iliyo mbali na kila kitu ina takriban omu 73, ambayo kwenye kebo ya 50 ni SWR ya karibu 1.5. Kijiti cha robo ya wimbi chenye miguu (vijiti vya chini vilivyoungwa na wavu wa kebo) iliyonyooka ubavuni kina kama omu 36. Ukiinamisha miguu nyuzi 45 unakaribia 50. Hilo ni jambo la umbo, halitatuliwi na koleo.

Sasa rudisha hesabu ya kebo. Toa upotevu wa kebo mara mbili kutoka kwenye RL uliyosoma, upate RL ya kwenye antena yenyewe. Chini unaona SWR ya 1.5, yaani RL ya 14. Kebo yako inakula 3 kwa safari moja. 14 toa 6 ni 8, na RL ya 8 ni SWR ya 2.3. Hiyo ndiyo antena yako halisi. Kama RL ya chini inalingana na ile uliyopata kebo ikiwa wazi, basi uko pale nilipokuwa mimi juu ya mlingoti: huioni antena kabisa.

Kuhusu R na X

Wengi wakiona R na X kwenye skrini huanza kuhangaika kuileta X kwenye sifuri. Ukiwa chini ya kebo, namba hizo si za antena. Kebo huzungusha impedansi kadiri ilivyo ndefu. SWR haibadiliki kwa mzunguko huo (ukiacha upotevu), lakini R na X hubadilika kila sentimita. Unaweza kuongeza mita 2 za kebo na kuona X ikigeuka kutoka chanya hadi hasi bila antena kuguswa. Ndiyo kazi aliyoifanya Phillip Smith kwenye chati yake ya mwaka 1939: mzunguko huo uonekane kwa jicho bila kukokotoa.

Kama kweli unahitaji R na X za antena, kwa mfano unatengeneza saketi ya kulinganisha impedansi, njia rahisi ni kupeleka vipande vitatu vya kalibresheni juu na kukalibrisha mwisho wa kebo. Kebo inafutika. Njia nyingine ni kutumia kebo ya nusu wimbi au mara kadhaa ya nusu wimbi, ambayo huonyesha chini kilichoko juu, kwa masafa hayo tu: 150 mara 0.66 gawa kwa 7.1, takriban mita 13.9 za RG-213. Kupima ukiwa umekishika kifaa kwenye antena yenyewe sikupendi, maana mwili wako na kifaa vinakuwa sehemu ya antena.

Kebo inapogeuka antena

Shika kebo kwa kiganja karibu na kichanganuzi huku ukitazama grafu. Iachie. Ishike tena, nusu mita juu zaidi. Kama bonde linacheza, mkondo unatembea juu ya uso wa nje wa wavu, na kebo yako ni mguu wa tatu wa antena. Vipimo vyote ulivyochukua vina kasoro hiyo ndani yake, na utakapobadili urefu wa kebo au kuiunga kwenye redio, vitahama.

Dawa ni kizuizi cha mkondo huo karibu na mahali kebo inapoungana na antena: kebo ipitishwe mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, mchanganyiko wa 31 kwa masafa ya HF (3 hadi 30 MHz), au balani ya 1:1 (kiunganishi cha kebo na antena kinachozuia mkondo huo). Kisha pima upya tangu mwanzo wa hatua ya tatu. Grafu ikitetemeka bila wewe kugusa kitu, hiyo ni habari nyingine; mara nyingi kuna kituo cha kurusha matangazo karibu kinachoingia kwenye antena na kuizidi sauti ya kichanganuzi. Pima saa ambazo kimetulia, kama zipo.

Andika, kisha rudi baada ya mvua

Hifadhi grafu tatu siku ile ile kazi ilipokamilika: kebo ikiwa wazi, kebo ikiwa na mzigo, kebo ikiwa na antena. Andika tarehe, kimo, urefu wa kebo na hali ya hewa. Bila hizo, mwakani utakuwa na namba isiyo na cha kulinganishwa nacho.

Konekta za PL-259 hazizuii maji, hata zikazwe vipi. Zizungushie utepe wa mpira unaojishikanisha wenyewe, juu yake utepe wa kawaida dhidi ya jua, na kebo ifanye mkunjo kuelekea chini kabla ya kuingia nyumbani ili matone yadondokee hapo. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, pima. Bonde lililohama kidogo kisha likarudi jua likitoka ni maji juu ya waya tu. Bonde lililopanuka, likawa la chini na la kupendeza kuliko siku ya kwanza, halafu likabaki hivyo wiki nzima, nipandie juu ufungue konekta. Utakuta nyuzi za wavu zimekuwa nyeusi au kijani. Usilehemu juu yake. Kata kebo nyuma, kipande kwa kipande, mpaka ukute shaba inayong'aa, hata ikibidi kutupa mita nzima.